Mikono ya Madam Odile

Binti wa Madam Odile alinipigia simu kuuliza bei yangu ya kulisha watu kwenye mazishi ya mama yake, nami nikamkatia simu. Sikuwa na hasira naye. Solange ni mtu mzima, ana kazi yake, na alifanya vile kila mtu Kampala anavyofanya siku hizi: mtu akifa, mmoja anatafuta gari, mwingine hema, mwingine chakula, na ukitaja chakula cha msiba katika mji huu watu watakupa namba yangu. Nina mgahawa Ntinda, nina mwingine Nakawa karibu na soko, nina magari ya kubeba chakula yenye jina langu ubavuni. Vyote hivyo nimevipata kwa jasho, maana shule niliiacha darasa la tatu na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Lakini siku ile nilikaa nyuma ya kaunta yangu na simu mapajani, wasichana wa kazi wakinipita kimyakimya kama mtu anayepita karibu na mgonjwa. Kisha nikampigia tena. "Solange," nikamwambia, "mama yako siwezi kumuuzia chakula. Nitakuja nacho. Ila matoke yatakuja na maganda yake, na wewe tafuta kisu." Akauliza, "Hajati, kisu cha nini?" Hapo nikajua kwamba mama yake hakuwahi kumsimulia habari za mwaka ule wa Katwe. Yeye mwenyewe alikuwepo, lakini alikuwa anatambaa chini ya meza.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini hivi. Vita vilikuwa vimekwisha na sisi Wanubi, tuliohesabiwa kuwa watu wa jeshi la zamani, tulikuwa tumeanza kurudi mjini, tukiongea kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimetoka Bombo kwa shangazi yangu Mariamu, ambaye alikuwa amenitafutia mume, mwenye lori na wake wawili tayari. Nilimkataa yule mtu mbele ya wageni, jambo ambalo kwetu halifanywi, nikasema nimepata kazi ya jikoni kwa Madam Odile, Katwe. Shangazi hakunipiga. Alisema, "Nenda kwa huyo Madam wako. Mwaka huu mmoja. Hilo jiko likifungwa unarudi hapa unaolewa, na hatutaulizana maneno." Kwa hiyo wengine walipokuwa wanafanya kazi pale kwa ajili ya mshahara, mimi nilikuwa naangalia mlango. Kila mteja aliyeingia alikuwa ananiondolea lile lori kidogo. Na wateja hawakuwa wengi.

Madam Odile alitoka visiwa vya Shelisheli. Mumewe alikuwa Mganda aliyekimbilia huko wakati wa mabaya, akamuoa, akamleta nyumbani amani iliporudi, halafu maradhi yakamchukua kabla mtoto hajaota meno. Mtu mwingine angepanda ndege. Yeye alikodi nyumba Katwe, katikati ya mafundi wa chuma, akaipaka rangi ya manjano ndani na nje, akafungua mgahawa wa chakula cha kwao, cha Kikrioli. Chumba cha mbele kilikuwa na madirisha mawili na meza zenye vitambaa vya mirabamiraba. Nyuma tulijiezekea kibanda cha mabati, na humo zilipangwa sigiri za makaa, zote zimetengenezwa na mzee wa jirani, Ssalongo, ambaye karakana yake ilitazamana na jiko letu. Kwa Waganda baba wa mapacha huitwa Ssalongo na mama yao Nalongo, na hayo yakishakuja majina mengine yanasahaulika. Kutwa nzima tulipika kwa mlio wa nyundo zake. Madam alisema akisikia nyundo zimenyamaza anajua ni saa ya chakula cha mchana, hana haja ya saa ya ukutani.

Na chakula chenyewe! Nazi zilikuja na malori kutoka Mombasa, tukizikuna hadi vidole vinaota sugu. Samaki alikuwa sato wa ziwani, Madam akimlaumu kila asubuhi kwamba hana chumvi ya bahari. Alimpika kwa tui na bizari na majani ya mchuzi, pembeni dengu, pembeni kachumbari ya papai bichi iliyokamuliwa maji. Nyanya alizikaanga na tangawizi na vitunguu mpaka zinageuka kitu kingine. Mwisho alileta gonja, ndizi zetu zile zile kubwa, zimechemshwa kwenye tui na sukari na kungumanga. Mimi nilikuwa nimekula gonja ya kuchoma maisha yangu yote. Mara ya kwanza kuonja ile nilikasirika, kwamba tumekaa na ndizi miaka yote hii na hakuna aliyetuambia.

Watu wa Katwe hawakukasirika kwa sababu hawakuingia. Walikuwa bado wanabishana yule mama ni nani. Aliyetuletea habari alikuwa Wafula, Mluhya kutoka upande wa Kenya, mhudumu wetu na mtu wa matangazo, kijana mwenye maneno mengi kuliko mapishi. "Zai," ananiambia, "leo wamekubaliana. Si Mhindi, si Mwarabu. Ni mzungu aliyekaa juani sana." Wafula aliamini kwamba mteja anavutwa kama mbuzi. Alimshawishi Madam awanunulie vijana wa mpira jezi zenye jina la mgahawa mgongoni. Akaanzisha uji wa watoto siku za Jumapili, na bango juu ya sufuria. Akaanzisha njooni wawili mlipe mmoja. Jezi zilivaliwa, uji ulinywewa, na wale wawili hawakuja. Madam hakuwa mchoyo wala mjinga. Kwao ukihamia mahali unatoa, na watu wanakujua kwa kutoa kwako. Alitoa kila alichokuwa nacho na alikuwa hajaeleweka.

Ndipo Wafula akaleta wazo la Jumamosi ya Krioli. Alikodi pikapu yenye vipaza sauti kutoka Nakawa, na wapiga ngoma nyuma, na yeye mwenyewe amevaa kofia ya majani. Walianza asubuhi, sisi tukiwa jikoni tunakuna nazi. Nilisikia ngoma ikikaribia, nikasikia Wafula anaita, "Leo ni leo! Katwe, leo ni kula na kucheza!" Halafu nikagundua kitu ambacho kilikuwa kimenisumbua tangu nilipoamka bila kukijua. Nyundo hazikuwa zinalia. Nilitoka nje na mikono ina machicha. Mbele ya nyumba ya Ssalongo moto wa magogo ulikuwa umewashwa, wanaume wamekaa kimya kwenye viti vya kuazima, wanawake wamejifunga vitambaa viunoni. Mzee alikuwa amekata roho alfajiri. Na pikapu yetu imekwama mbele ya mlango wake kwa sababu ya shimo la barabara, gurudumu linazunguka, ngoma inapigwa, na kijana wetu mwenye kofia ya majani anawaambia wafiwa leo ni kucheza.

Hakuna aliyemtupia jiwe. Ingekuwa afadhali. Wanaume wawili waliinuka, wakasukuma pikapu ikatoka shimoni, wakarudi kukaa. Wafula alivua kofia akarudi kwa miguu, rangi imemtoka. Madam aliposikia alishika kichwa. "Ayo, Zaituni! Huyu mzee ametengeneza jiko langu lote!" Akafanya lile ambalo kwao lingekuwa sawa. Alipika sufuria kubwa kuliko zote, samaki na wali, mkono wake mwenyewe, akalia juu yake, akatutuma mimi na Wafula tuibebe. Ile sufuria ilikuwa imeandikwa jina la mgahawa kwa rangi nyekundu, kama vyombo vyetu vyote, ili isiibiwe. Tulipoifikisha uani Nalongo, mke wa marehemu, aliyatazama maandishi kwanza. Kisha akatutazama sisi. Jioni tuliikuta mlangoni petu, kifuniko hakijafunguliwa, imefutwa vumbi vizuri.

Kuanzia hapo tulijua maana ya kuishi mahali bila kuwapo. Mwanamume aliyetuletea maji kwa baiskeli alianza kupita. Muuza makaa akatuambia yameisha, akiwa ameyakalia. Vijana wa mpira waligeuza jezi, jina likaingia ndani, wakaendelea kucheza nazo. Huko kwetu ukikosa msiba wa mtu, na wao wataukosa wako, na mama mwenye mtoto mdogo asiye na mume anahitaji kuwa na watu wa kumzika. Hilo Madam alilielewa kabla sijamwambia. Usiku alikuwa anahesabu sahani ambazo hazijachafuka, asubuhi anapika kama kawaida, mchana tunakula wenyewe. Tulinenepa mwaka ule. Wafula alitaka tuweke bei nusu. "Madam, njaa haina kinyongo," alisema. Madam akamjibu, "Wewe kaa mbali na spika," na kwa siku kadhaa hayo ndiyo maneno pekee aliyomwambia. Shangazi alituma salamu kutoka Bombo kwamba mwenye lori amepaka nyumba chokaa.

Maji nikawa nachota mwenyewe bombani. Nalongo na wenzake walikuwa hapo asubuhi, na walinyamaza nikifika, ila siku moja hawakuniona kwa sababu nilikuwa nimeinama nyuma ya ukuta nasafisha jerikeni. Walikuwa wanaongea Kiganda, ambacho ninakijua kama lugha yangu. Mmoja alisema yule mama anajuta kweli, ametuma chakula, ametuma salamu, amemtuma hata yule Mkenya apige magoti. Nalongo akasema, "Anatuma. Kila siku anatuma. Mikono anayo? Mimi nimeona masufuria yake, nimeona jezi zake, nimeona jina lake kwenye uji wa watoto. Mikono yake sijaiona." Wakacheka kidogo, wakajitwisha maji yao.

Nilirudi nikamwambia Madam neno kwa neno, wakati anamenya tangawizi. Aliendelea kumenya. Baadaye akauliza, "Wanawake wanafanya nini pale kwenye msiba? Siyo wanaleta nini. Wanafanya nini?" Nikamwambia wanakuja na kisu wanakaa wanamenya matoke. Kila mmoja anakuja na chake, kwa sababu hakuna nyumba yenye visu vya kutosha wanawake wote wa mtaa. Akasema, "Na karamu ya kumaliza huo msiba, ile ya mrithi, bado?" Bado. Waganda wanaiita lumbe, na ya Ssalongo ilikuwa inangoja mwanawe mkubwa arudi kutoka Juba. "Nani anaalikwa?" Hakuna anayealikwa, nikamwambia. Ukijua, unakuja. Nilimwambia pia kwamba wanaweza kutufukuza, na kwamba tukifukuzwa mbele ya mtaa mzima basi afadhali tufunge siku hiyo hiyo. Nilikuwa nasema kwa ajili yangu, sitadanganya. Nilikuwa naliona lile lori.

Siku ya lumbe Madam alifunga mgahawa. Alivaa gauni lake la zamani, akajifunga kitambaa kiunoni kama alivyoona wengine, mtoto mgongoni. Nilimpa kisu changu kidogo, mimi nikachukua cha samaki. Hatukubeba sahani wala mfuko. Wafula tulimwacha nyumbani. Tulipoingia uani wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, miguu wameikunja upande, mikungu imerundikwa katikati, na maongezi yakakatika. Mimi nilipiga magoti nikasalimu kwa Kiganda. Madam alijaribu kupiga magoti, mtoto akamlemea, akakaa kwa kishindo, miguu mbele imenyooka kama mtoto anayengoja uji. Mtu akacheka puani. Madam alivuta mkungu, akachukua ndizi, akaanza.

Alikuwa hajui. Mpishi wa namna ile, anayekata kitunguu hukioni kisu, lakini toke bichi la kumenya lina adabu yake. Unapitisha kisu chini ya ganda tu, jembamba, ndizi inatoka nzima. Madam alikuwa anachonga. Maganda yake yalikuwa mazito kama soli za viatu, nusu ya chakula imebaki humo. Na utomvu ulikuwa unamshika. Hajui kwamba unapaka mafuta kwanza. Vidole vyake vikawa vyeusi, vikanatana, akaendelea. Maongezi yalirudi polepole lakini yalituzunguka, kama maji yanavyozunguka jiwe. Solange alilia, akanyonyeshwa, akalala. Jua lilihama kutoka kwenye mkeka wetu. Mimi nilikuwa namenya haraka haraka nikificha maganda ya Madam chini ya yangu.

Nalongo aliona. Aliinuka kutoka upande wa pili, akaja akasimama juu yetu, akachokoa rundo langu kwa kidole mpaka akapata ganda moja la Madam. Akaliinua juani. Sasa mjue kwamba Nalongo hakuwa akisema Kiswahili. Alikijua, kila mtu alikijua kwa sababu ya vizuizi vya barabarani na wanajeshi waliokuwa wanawanyang'anya watu mali, na kwa sababu hiyo hiyo alikuwa amekifungia. Mimi hakuwahi kunisemesha nacho. Siku ile alisema mbele ya wote:

"Wewe mama. Hii iko maganda ama iko chakula?"

Madam alitazama juu. "Sijui," akasema. "Kwetu ndizi tunapika imeiva."

"Hujui. Kumbe mutu hajui na anamenya tangu saa sita." Akawageukia wenzake. "Mbuzi yangu leo iko na bahati! Leo itakula vizuri kushinda mukwe wangu!"

Uani pakapasuka kicheko, mpaka wanaume waliokuwa nje wakachungulia. Madam naye akacheka, machozi yanamtoka, na nafikiri si ya kicheko yote. Nalongo akachuchumaa. "Lete mukono." Aliushika ule mkono mweusi wa utomvu, akaugeuzageuza, akautazama kiganjani na mgongoni, makovu ya mafuta ya moto, kucha zilizokatwa mpaka mwisho. Alikaa nao kwa muda. Halafu akaupaka samli, akauwekea kisu sawasawa, akaufundisha kama unavyomfundisha msichana wa miaka saba. "Polepole. Usitie nguvu. Hii si vita." Hakusema amesamehe. Waganda wa namna yake hawasemi hayo, na Madam hakuuliza. Tulimenya mpaka mikungu ikaisha, tukafunga matoke kwenye majani, tukaenda nyumbani.

Kesho yake maji yalikuja kwa baiskeli. Nalongo alikuja baada ya siku chache na wanawake watatu, akapita chumba cha mbele bila kukaa, akaingia jikoni moja kwa moja. "Tumekuja kuona sigiri za mume wangu," alisema kwa Kiganda, akanitazama nitafsiri. Akazikagua zote. Moja ilikuwa imepasuka ukingo, akasema mwanawe ataiziba. Kisha akaonja gonja ya nazi akiwa amesimama, akarudisha kijiko kwenye bakuli tena, na tena. "Kumbe ni ndizi," akasema. Kufikia mwisho wa mwaka ilibidi tuongeze meza uani. Shangazi Mariamu alikuja siku ya Ijumaa, akakosa nafasi, akasubiri kwenye benchi na watu wengine, akala sato, akalamba vidole. Hakutaja lori. Aliniuliza kama naweza kumfundisha ile kachumbari ya papai.

Madam aliweka sheria moja tu: mtu akifa mtaani tunafunga, tunakwenda na visu, na hakuna kinachoandikwa jina. Wafula alihangaika. "Madam, hata kidogo kwenye aproni? Hata herufi ya kwanza?" Hapana. Alikuwa na uchungu kama mtu anayeona mvua inaanguka na hana pipa. Na mimi baadaye nilipofungua vya kwangu niliandika jina langu kila mahali palipokaa rangi, sioni haya, nimelifanyia kazi. Nikaanza kupika misiba kwa malipo, kwa sababu mji umekua na wanawake wa ofisini hawana siku nzima ya kukaa mkekani. Sikuharibu kitu. Waliacha kumenya kabla sijanunua gari la kwanza. Lakini sikuwahi kumwambia Madam bei zangu, na yeye hakuwahi kuuliza.

Basi tulimzika wiki iliyopita, kwenye kiwanja cha watu wa mumewe, barabara ya Entebbe. Nilifika mapema na vijana wangu na mikungu mizima kwenye gari. Walishuka wamevaa mashati ya kazi yenye jina langu kifuani. Nikawaambia, "Geuzeni mashati." Mmoja, huyu ana diploma ya hoteli, akaniuliza, "Hajati, nje ndani?" Nje ndani. Tukatandika mikeka nyuma ya hema. Wafula alikuwepo, kipara, amekuja na basi kutoka Bungoma, na alikaa mkekani akamenya bila kuambiwa. Wanawake vijana walisimama pembeni na viatu vyao virefu. Nikawaambia anayetaka kula amenye. Wawili wakakaa, kisha wengine, wengi hawajui, maganda yanaruka. Solange alikuja mwishoni, amemaliza kupokea wageni, ana kisu cha mkate. Nilimpa kile changu kidogo. Sio kile cha zamani, kile kiliisha kwa kunolewa.

Nalongo aliletwa na mjukuu, amezeeka sana, macho yamefifia, amevaa gomesi yake nzuri ya misiba, lile gauni refu la wanawake wa Kiganda. Hakuna aliyemwambia habari za kumenya. Alikaa, akafungua mshipi wa gomesi, akatoa kisu kilichofungwa kwenye leso. Alimenya kwa vidole tu, hatazami. Baada ya muda alinyoosha mkono kwenye rundo la Solange, akachukua ganda, akalipima kwa kidole gumba, unene wake, akaliinua karibu kabisa na jicho.

"Banange," akasema, yaani jamani, kisha akahamia Kiswahili. "Huyu ni wake kweli."

Akaliweka kwenye rundo lake mwenyewe, chini, akaendelea.

Utomvu wa matoke hautoki kwa sabuni. Jumatatu nilikuwa Ntinda kwenye kaunta yangu, na mteja mmoja, mama mwenye gari kubwa, nilipompa mkono aliutazama, vidole vyeusi mpaka kwenye pete, akasita kabla ya kuushika. Sikumweleza. Niliuacha pale mezani auone.